Jina Langu Halikutoka: Mbolea ya Serikali na Wanaoipata Hapa Dowa

Majuzi kwenye kundi letu kulikuwa na mabishano makali. Mmoja aliandika kwamba wenyeji wa hapa Dowa wanapewa mbolea na serikali kila mwaka, sisi wa Dzaleka tunaangalia tu. Mwingine akamjibu kwamba wenyeji nao wanasema hivyohivyo juu yetu, eti mkimbizi anakula bila kulima. Watu wakatukanana kidogo, halafu mada ikapotea. Mimi niliahidi kuandika, kwa sababu niliona pande zote mbili zinaongea kama vile hii mbolea ilianza jana, na kama vile kila Mmalawi anaipata. Sivyo hata kidogo.

Nianze na jambo dogo. Msimu mmoja, mwezi wa kumi na mbili, nilienda kufanya ganyu kwa mama mmoja wa kijiji cha jirani. Kwa wale wanaotusoma kutoka mbali, ganyu ni kibarua cha siku: unalimia mtu, anakulipa pesa au mahindi. Shamba lake upande mmoja lilikuwa na mahindi ya kijani kizito, upande mwingine mahindi membamba ya manjano. Nikamuuliza kwa Kichewa changu cha kuvunjika, mama, imekuwaje hapa? Akasema, "Dzina langu silinatuluke." Jina langu halikutoka. Ile mbolea ya upande wa kijani aligawiwa na shemeji yake ambaye jina lake lilitoka. Nusu mfuko.

Nilitaka kucheka, kisha nikanyamaza. Mimi najitolea kambini, siku za ugawaji huwa nashika orodha. Hayo maneno, "jina langu halikutoka", nayasikia kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, kila mwezi, kutoka kwa watu waliosimama mbele ya meza yangu. Sikujua kwamba jirani zetu wanayasema pia. Tangu siku ile nikaanza kuuliza wazee na kusoma nilichopata. Haya ndiyo niliyokusanya.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Ruzuku ni pale serikali inapolipa sehemu ya bei ili mkulima alipe kidogo. Kwa hiyo si bure. Mkulima anachangia, na huo mchango ndio unaowashinda wengine, nitafika huko.

Habari ya kuchagua mkulima wa kusaidiwa ni ya zamani kuliko Malawi yenyewe. Miaka ya 1950, nchi ikiitwa Nyasaland, wakoloni walikuwa na mpango wa kuchagua wakulima wachache waliowaona ni bora. Ukilima vile bwana shamba anavyotaka, shamba lako ukaliunganisha pamoja na kufuata masharti, unapewa malipo ya nyongeza. Wengi hawakuwa na ardhi ya kutosha hata kuingia kwenye mpango. Baada ya uhuru wa 1964 serikali ya Kamuzu Banda ilichukia mambo mengi ya wakoloni lakini hili ililipenda. Mkulima wa mfano akapewa jina la Kichewa, mchikumbe, wengi wao achikumbe. Achikumbe walisifiwa kwenye mikutano, walipata mikopo na ushauri. Wengine walikuwa wakulima tu.

Mwaka 1971 likaundwa shirika la ADMARC, ambalo wazee hapa bado wanalitaja kama mtu wa ukoo, mara wanalisifu mara wanalilaani. ADMARC ilimuuzia mkulima mdogo mbegu na mbolea, na hiyohiyo ilinunua mazao yake. Mbolea iliuzwa chini ya bei ya kweli, na bei ilikuwa moja nchi nzima, uwe karibu na Lilongwe au kule barabara inapoishia. Kwa hiyo mzee akikuambia kwamba zamani mbolea ilikuwa rahisi kwa kila mtu, hakudanganyi.

Ila angalia upande wa pili. ADMARC ilinunua tumbaku ya mkulima mdogo kwa bei ya chini sana kuliko bei iliyoiuza yenyewe. Faida ikaenda kwenye mikopo na hisa za mashamba makubwa na kampuni za wakubwa, ikiwemo Press, kampuni ya Banda mwenyewe. Tumbaku yenye pesa nzuri, ile wanayoiita burley, mkulima mdogo alikatazwa na sheria kuilima mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa ya mashamba makubwa yenye leseni. Na mashamba hayo yalitoka wapi? Ardhi ya vijiji ilikatwa ikapewa watu wenye hati, hasa huku mkoa wa kati. Wilaya yetu ya Dowa ni ya tumbaku, pita barabara ya Mponela na Madisi utaona mabanda ya kukaushia.

Sasa hapo piga hesabu mwenyewe. Kwa mkono mmoja mkulima alipunguziwa bei ya mfuko wa mbolea. Kwa mkono mwingine alikatwa kwenye kila kilo aliyouza. Mimi naona yule mtu wa jembe ndiye aliyempa ruzuku mwenye shamba kubwa. Hakuna orodha iliyoandikwa hivyo, lakini pesa ilitembea hivyo.

Kuanzia 1981 Malawi ilichukua mikopo ya Benki ya Dunia yenye masharti, na sharti moja lilikuwa kuondoa ruzuku ya mbolea. Ikapunguzwa, ikarudi, ikapunguzwa tena, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha. Wakati huohuo kwacha ikashuka thamani. Mbolea inaagizwa nje kwa dola, kwa hiyo bei ikaruka. Vyama vya mikopo vya wakulima navyo vilikufa miaka hiyo ya ukame na siasa za vyama vingi, wanasiasa wengine wakiwaambia watu wasirudishe deni. Kambi yetu ilifunguliwa katikati ya hayo yote, 1994, kwenye majengo ya gereza ambalo Banda alifungia wapinzani wake. Yaani babu zetu walipofika hapa, majirani waliowakuta walikuwa ndio kwanza wamepoteza mbolea ya bei nafuu.

Halafu ikaja kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwenye historia hii. Msimu wa 1998 kuelekea 1999, serikali na wafadhili walitoa kifurushi kidogo: kilo 15 za mbolea, kilo 2 za mbegu za mahindi, na kilo 1 ya mbegu za jamii ya kunde au karanga. Kinatosha sehemu ya kumi ya hekta, kipande kidogo tu. Lakini kilikuwa cha kila nyumba ya mkulima mdogo, karibu nyumba milioni 2.8. Hakuna kuchagua sana, hakuna kuuliza nani maskini zaidi. Kikatolewa misimu miwili.

Wafadhili wakasema kumpa kila mtu ni kupoteza, wapewe maskini tu. Msimu wa 2000 vifurushi vikawa milioni 1.5, msimu uliofuata milioni 1. Mwaka 2001 mvua ilizidi, mavuno yakaanguka, na mahindi ya akiba ya taifa yalikuwa yameuzwa. Nani aliamuru yauzwe, wanabishana mpaka leo, serikali inanyoosha kidole kwa Shirika la Fedha la Kimataifa na wao wananyoosha kidole kwa serikali. Mwanzoni mwa 2002 watu walikula pumba na mizizi ya porini, na wengi walikufa. Wengi wenu mmeona filamu ya William Kamkwamba, yule kijana wa kinu cha upepo. Njaa ile ndiyo hiyo, na kwao ni Kasungu, wilaya inayopakana na yetu. Sisemi kwamba kupunguza vifurushi ndiko kulikoleta njaa peke yake. Nasema tu kwamba mwaka ambao nyumba nyingi ziliondolewa kwenye orodha, ndio mwaka ambao njaa ilikuja.

Msimu wa 2004/05 ukame ukarudi, na karibu watu milioni 5 wakahitaji chakula cha msaada. Rais alikuwa Bingu wa Mutharika, na wizara ya kilimo aliishika yeye mwenyewe. Akarudisha ruzuku msimu wa 2005/06. Wafadhili wakubwa mwaka ule wa kwanza walikaa pembeni, serikali ikalipa kutoka mfuko wake. Utaratibu ulikuwa wa kuponi: nyumba iliyochaguliwa inapata kuponi za mifuko miwili ya kilo 50, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, pamoja na mbegu. Mkulima alichangia kwacha 950 kwa mfuko. Kufikia 2009 mchango ulishuka hadi kwacha 500.

Takwimu za serikali zinasema mavuno ya mahindi yalitoka tani milioni 1.2 mwaka 2005, yakafika milioni 2.6 mwaka 2006, na milioni 3.4 mwaka 2007. Malawi ikauza mahindi Zimbabwe. Magazeti ya Marekani yakaandika kwamba nchi ndogo imewashinda wataalamu. Mwaka 2009 Bingu akachaguliwa tena kwa asilimia 66. Kuna watafiti wanaosema mavuno yalikuzwa kwenye karatasi, maana kama mahindi yalikuwa mengi hivyo, mbona bei ilipanda sana 2008? Mimi naona swali lao ni la haki. Lakini muulize mzee yeyote huku kijijini, atakuambia miaka ile watu walikula. Hilo nalo si la kudharau.

Sasa tufike kwenye swali letu. Nani alipata?

Kwenye karatasi, alitakiwa awe Mmalawi maskini mwenye kipande cha ardhi, anayekaa kijijini hapo, asiyeweza kununua mbolea kwa bei ya dukani. Nyumba zinazoongozwa na wanawake, watoto yatima, au zenye mlemavu wa kutunzwa, zipewe kipaumbele. Mtu mmoja kwa kila nyumba. Lakini ukisoma masharti haya ukiwa Dowa utashangaa, maana karibu kijiji kizima kinatimiza. Nani huku anaweza kununua mifuko miwili dukani? Kuponi zilikuwa za nyumba kama milioni moja na nusu, nyumba za wakulima zilikuwa nyingi zaidi ya hapo. Basi kama watu kumi wote wanafaa na kuponi ni nne, sheria haikuambii chochote tena. Anayebaki kuamua ni mwenye kalamu.

Na mwenye kalamu alikuwa mfumu, yaani chifu wa kijiji, pamoja na kamati na watu wa wizara. Hata idadi yenyewe ilikuwa na utata. Orodha ya wizara ilikuja kuwa na familia nyingi za wakulima kuliko nyumba ambazo sensa ilizihesabu. Mimi ninayeshika orodha najua hiyo inatokeaje: nyumba moja inajigawa mara mbili siku ya kuandikisha, na aliyehama hafutwi. Watafiti kama Ephraim Chirwa na Andrew Dorward, ambao walifuatilia mpango huu miaka mingi, waliona kwamba maskini kabisa na nyumba za wanawake hazikupata zaidi ya wengine kama ilivyokusudiwa, mara nyingi zilipata pungufu. Mwenye ardhi kubwa kidogo, anayejulikana na mfumu, alikuwa na nafasi nzuri zaidi. Miaka ya mwanzo kulikuwa hata na kuponi za mbolea ya tumbaku, mpaka msimu wa 2008/09. Kwa wilaya kama yetu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mjane mwenye nusu ekari ya mahindi halimi tumbaku.

Kuna wengine waliopata ambao hatuwataji kamwe tukibishana. Mbolea haioti Mponela. Kuna aliyeshinda zabuni ya kuiagiza, kuna mwenye malori. Msimu wa 2008/09 bei ya dunia ilipanda na mpango huu ukala karibu asilimia 16 ya bajeti ya nchi. Kwacha nyingi za hizo hazikupita kabisa mkononi mwa mkulima. Yeye aliona mfuko tu, tena baada ya kupanga foleni na pengine kulala nje ya depo ili asikose. Na aliyepata kuponi lakini hana hata kwacha 500 na nauli ya kubeba mfuko, aliuza kuponi kwa mfanyabiashara. Jina lake lilitoka, mbolea ikaenda kwingine.

Hapa nataka nikae kidogo, maana kuna kitu vijijini walikifanya ambacho wataalamu walikiita kasoro. Waligawana. Sheria ilisema mifuko miwili kwa nyumba moja. Vijiji vingi vikafanya mfuko mmoja kwa nyumba, au nusu mfuko, wanapima kwa sahani na ndoo. Kwenye ripoti inaandikwa kwamba mbolea haikumfikia mlengwa kwa kiwango kamili. Mfumu mmoja mzee nilimuuliza kuhusu hili, akaniambia kwamba watu wa serikali wakishagawa wanapanda gari wanaondoka, yeye anabaki. Kukiwa na msiba, au njia ya kurekebisha, wale ambao majina hayakutoka wanasema, waende walioandikwa. Mimi nilipomsikia nilijisikia aibu kidogo, maana kambini nikiona mtu anamgawia jirani ambaye amefutwa, kuna wakati nilidhani anatuharibia hesabu. Kijiji kilikuwa kinarudisha kile kifurushi kidogo cha 1998 kwa nguvu zake chenyewe. Lakini nisiseme uongo, kuna wafumu ambao kugawana kwao kulianza na kuishia kwa watoto wa dada zao.

Baadaye mambo yalibanwa. Msimu wa 2016/17 walengwa walishushwa hadi 900,000, na mjadala wa zamani ukarudi: asaidiwe maskini, au yule mwenye nguvu ya kuzalisha? Ni mchikumbe yuleyule amevaa nguo mpya. Lazarus Chakwera alipoingia 2020 alibadilisha mpango, akaahidi mbolea kwa karibu wakulima wote wadogo, zaidi ya milioni 3.5, kwa kwacha 4,495 mfuko. Kuponi zikaondoka, kikaja kitambulisho cha taifa. Wengi walifurahi wakisema sasa mfumu hana kalamu. Kumbe kalamu ilihamia kwenye mashine: mtandao ukikatika, watu wanakaa juani siku nzima na vitambulisho mkononi. Pesa nazo zikaisha haraka. Mwaka 2022 waziri wa kilimo alifukuzwa baada ya serikali kulipa mamilioni kwa kampuni ya Uingereza ambayo haikuleta hata mfuko mmoja. Msimu huo walengwa walikuwa milioni 2.5 na mchango ulipanda hadi kwacha 15,000. Msimu wa 2023/24 wakabaki milioni 1.5. Hesabu hiyo ya mwisho ni ileile ya kuponi za Bingu, wakati watu wameongezeka.

Na sisi? Sisi hatukuwahi kuwa kwenye hesabu. Sharti la kwanza lilikuwa uwe Mmalawi mwenye ardhi, sasa ni kitambulisho cha taifa. Malawi ilikubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiweka pembeni vipengele kadhaa, vikiwemo vya kazi na kutembea. Wapo kati yetu waliokodi mashamba vijijini, wakanunua mbolea bei kamili ya duka, mpaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi wote warudi kambini. Wengine waliacha mahindi yamesimama shambani. Hiyo ni hasira ya haki na simwambii mtu aimeze.

Ila yule ndugu aliyeandika kwamba tunaangalia tu, hapo nampinga. Watafiti walewale waliona kwamba miaka mbolea ilipopatikana vizuri, malipo ya ganyu yalipanda ukilinganisha na bei ya mahindi. Sababu ni rahisi: mwenye mahindi yake ghalani haendi kulimia wengine kwa bei ya kutupa, kwa hiyo anayetafuta kibarua anapata wateja zaidi na washindani wachache. Na mahindi yakiwa mengi sokoni, bei inashuka. Sisi posho yetu siku hizi ni pesa, tena imepunguzwa, na pesa hiyo tunaipeleka kwenye mahindi yaleyale. Wenyeji wakikosa mbolea mwezi wa kumi na mbili, sisi tunajua mwezi wa pili, dukani. Kwa hiyo ukifurahi kwamba majina yao hayakutoka, unajifurahia njaa yako mwenyewe.

Yule mama nilimkuta tena mwezi wa nne anavuna. Upande wa mbolea ulitoa magunia manne. Upande mwingine, ambao ni mkubwa kidogo, gunia moja na debe. Alikuwa bado ana deni langu la siku mbili za ganyu. Akanipimia kwenye ndoo, akaniongezea kopo moja juu, akaniuliza kama huko kambini mwezi huu jina langu limetoka.